Simu garini: Mikono ikiwa huru, akili iko wapi?

Simama dakika chache tu kando ya barabara ya Jomo Kenyatta mjini Kisumu, upande wa Kondele, saa za jioni watu wanaporudi nyumbani, nawe utajionea mwenyewe. Dereva wa gari dogo ameshika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amebana simu sikioni. Wa tuktuk naye ameinamisha shingo, simu iko kati ya bega na sikio. Mwendeshaji bodaboda ameichomeka yake ndani ya helmeti, na anaendelea na gumzo huku amebeba mama na mtoto.

Huenda wewe msomaji umeiona hatari hiyo na kuamua kununua kile kifaa cha kukuwezesha kuzungumza kwa simu bila kuishika, ambacho wauzaji wengi hukiita hendisfrii. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, kifaa hiki ni kama dawa: kina aina zake, kina namna ya kukitumia, na kina kipimo ambacho ukikizidisha kitakudhuru. Ukikinunua ovyo, kikafungwa ovyo, kisha ukadhani sasa unaweza kuzungumza kutoka Kisumu hadi Busia bila kupumzika, utakuwa umelipa pesa zako ili ujiongezee hatari.

Makala haya yatakueleza namna ya kukichagua, namna ya kukifunga na, zaidi ya yote, namna ya kukitumia.

KWA NINI HILI NI SUALA LA AFYA

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa mwaka 2023 ilieleza kwamba ajali za barabarani huwaua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoua watu wengi zaidi wa umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa mtoto wa shule anayetembea kando ya barabara kule Maseno, na wa kijana anayeendesha bodaboda kule Ahero.

Je, simu inahusika vipi? Mwaka 1997, watafiti Donald Redelmeier na Robert Tibshirani wa Toronto, Kanada, walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine uchunguzi kuhusu madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali. Walizichunguza rekodi za malipo ya simu za madereva hao na kuzilinganisha na saa ajali ilipotokea. Waligundua kwamba hatari ya kugongana iliongezeka karibu mara nne wakati simu ilipokuwa ikitumiwa. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba hawakuona nafuu yoyote kwa wale waliotumia simu zisizoshikwa mkononi.

Mwaka 2005, watafiti wa Australia waliofuatilia madereva 456 waliotibiwa hospitalini mjini Perth baada ya ajali walipata matokeo kama hayo: mara nne, awe dereva ameshika simu au hajaishika.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Akili ya binadamu haiwezi kushughulikia mambo mawili mazito kwa wakati mmoja. Inachofanya ni kurukaruka kutoka jambo hili hadi lile. Unapobishana na mtu kuhusu deni kwenye simu, macho yako yanaweza kuwa yameelekezwa barabarani, lakini ubongo hausajili kile macho yanachokiona. Profesa David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha mwaka 2006, kwa kutumia gari la majaribio lisilotoka mahali pake, kwamba dereva anayezungumza kwa simu huharibikiwa na uendeshaji kwa kiasi kinachoweza kulinganishwa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.08 katika damu, kiwango ambacho majimbo mengi ya nchi hiyo hukihesabu kuwa ulevi.

Utauliza: Mbona basi ninazungumza na abiria wangu bila shida? Abiria huiona barabara. Trekta la miwa likitokea ghafla mbele yenu, yeye hunyamaza, au hata hupiga kelele kukuonya. Aliye upande wa pili wa simu hajui kwamba kuna trekta. Yeye anaendelea tu kukuuliza kuhusu karo.

HENDISFRII INA FAIDA GANI BASI?

Faida yake ni ya kweli, ila ina mipaka. Uchunguzi uliofanywa na Virginia Tech ya Marekani kwa kuweka kamera ndani ya magari ulionyesha kwamba hatari kubwa zaidi iko katika kuondoa macho barabarani: kuitafuta simu, kubonyeza namba, kusoma ujumbe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba dereva wa lori anayeandika ujumbe huongeza hatari ya ajali mara 23.

Fanya hesabu mwenyewe. Gari linaloenda kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kila sekunde. Ukitazama simu kwa sekunde tano, umekwenda mita 110 bila kuona, nao ni urefu unaopita uwanja wa kandanda. Katika barabara ya Kisumu kwenda Busia, katika umbali huo kunaweza kuwa na ng'ombe, mwanafunzi na baiskeli iliyobeba magunia ya makaa.

Kifaa kizuri kitayaacha macho yako barabarani na mikono yako kwenye usukani. Hapo ndipo kazi yake inapoishia. Akili utailinda mwenyewe.

Kisha kuna sheria. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa linatembea. Usidhani kwamba kuwa na hendisfrii ni kibali cha kuendesha bila uangalifu. Ukimgonga mtu, hakuna hakimu atakayekusifu kwa kuwa mikono yako ilikuwa huru.

CHAGUA KWA KULITAZAMA GARI LAKO

Kabla ya kwenda dukani, ingia ndani ya gari lako kwanza. Magari mengi tunayoendesha yalitumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, na baadhi yake tayari yana kifaa hicho ndani ya redio bila mwenyewe kujua, kwa sababu maandishi yote ni ya Kijapani. Tazama kwenye usukani kama kuna kitufe chenye picha ya simu, au kwenye redio kama kuna kitufe kilichoandikwa TEL. Ukikiona, mwombe fundi anayefahamu redio hizo akuunganishie simu yako kwa njia ya Bluetooth, yaani bila waya. Kilichojengwa ndani ya gari kwa kawaida ndicho bora, kwani vitufe vyake viko karibu na vidole na maikrofoni yake imeelekezwa kwako.

Kama gari lako halina, utakutana na aina nne madukani.

Ya kwanza ni ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Hii hupeleka sauti ya simu kwenye redio ya gari kupitia mawimbi ya FM. Ndiyo rahisi kwa bei na ndiyo yenye matatizo mengi kwetu. Redio nyingi za zamani za magari ya Japani hushika megahazi 76 hadi 90 pekee, ilhali vifaa hivi hurusha kuanzia 87.5 hadi 108. Nafasi ya kukutana ni ndogo sana. Isitoshe, masafa uliyoyakuta matupu mjini Kisumu yanaweza kuwa na kituo cha redio ukifika Ugunja, ukakaribia mpaka wa Uganda. Ghafla sauti ya mkeo inamezwa na mahubiri, nawe unainama kutafuta masafa mengine gari likiwa mbioni. Aidha, maikrofoni yake iko chini karibu na gia, mbali na mdomo wako, hivyo utajikuta unapaza sauti na kuinamisha kichwa. Ukiamua kuinunua kwa ajili ya lori, hakikisha imeandikwa kwamba inastahimili volti 12 hadi 24, kwa sababu malori mengi hutumia volti 24.

Ya pili ni spika ndogo ya kubana kwenye kikinga jua kilicho juu ya kioo cha mbele. Ina betri yake, spika yake na maikrofoni yake, na haihitaji redio. Kwa gari lisilo na Bluetooth, hii ni chaguo zuri, kwa kuwa maikrofoni iko karibu na uso. Ubaya wake ni betri. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani huwa tanuri. Betri za namna hii haziwezi joto: huharibika upesi, na zinaweza hata kuvimba. Iondoe kila unapoegesha, uende nayo.

Ya tatu ni ile inayofungwa na fundi wa umeme wa magari, yenye spika, maikrofoni na vitufe vilivyounganishwa na nyaya za gari, au redio mpya yenye Bluetooth. Gharama yake ni kubwa zaidi, lakini hunyamazisha redio yenyewe simu inapolia, haihitaji kuchajiwa, na sauti yake ni safi. Kama kazi yako ni ya kuendesha kila siku, hii ndiyo itakayokufaa.

Ya nne ni visikizio vya masikioni. Hivi havifai kwa dereva. Vikiziba masikio yote mawili, hutasikia honi ya bodaboda iliyo ubavuni wala king'ora cha ambulensi inayokimbilia Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Na kikianguka kimoja, utaanza kukitafuta chini ya kiti.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Usiridhike na maneno ya muuzaji. Mwombe akuruhusu ukijaribu ndani ya gari lako, injini ikiwa inanguruma. Mpigie mtu mnayeelewana naye, kisha ufungue kioo cha mlango, kwani wengi wetu huendesha vioo vikiwa wazi kwa sababu ya joto la huku ziwani. Muulize kama anakusikia bila wewe kupaza sauti. Kama anasema "Nini? Rudia!" mara tatu, kifaa hicho kirudishe. Mazungumzo yasiyosikika vizuri huichosha akili maradufu.

Tazama pia kitufe cha kupokelea. Kiwe kimoja, kikubwa, na uweze kukifikia kwa kupapasa bila kutazama. Kifaa chenye taa za rangi nyingi na kioo cha kuonyesha picha ni cha kuepukwa.

NAMNA YA KUKIFUNGA

Mambo haya yafuatayo uyasimamie mwenyewe hata kama fundi ni mzoefu.

Maikrofoni. Iwekwe juu, kwenye nguzo iliyo kando ya kioo cha mbele au kwenye dari mbele yako, kiasi cha sentimita 30 hadi 40 kutoka mdomoni. Isielekezwe kwenye dirisha wala kwenye matundu ya feni, la sivyo itanasa upepo tu.

Mifuko ya hewa. Tafuta mahali palipoandikwa SRS AIRBAG: kwenye usukani, kwenye dashibodi mbele ya abiria, na katika baadhi ya magari kwenye nguzo za pembeni. Mahali hapo pasiwekwe kitu wala kupitishwa waya. Mfuko wa hewa hufumuka kwa nguvu nyingi kufumba na kufumbua, na chochote kilichoko juu yake hurushwa kama jiwe la kombeo, mara nyingi usoni mwa mtu. Kama nguzo ya gari lako ina alama hiyo, maikrofoni iende darini.

Kishikizo cha simu. Kwa kuwa usukani wetu uko kulia, kiweke kushoto kwake, karibu na kimo cha dashibodi ya juu, mkono wa kushoto ukifikie bila kunyoosha bega. Kisizuie macho kuona barabara. Vile vya kunyonya kioo hulegea kwa joto na kuanguka. Simu iliyoanguka ikabingiria chini ya pedali ya breki inaweza kukuzuia kusimama. Safisha kioo kwa maji, kikaushe, na kila asubuhi ukivute kishikizo kidogo uone kama kimeshika.

Nyaya. Zipitishwe nyuma ya dashibodi na kufungwa zisining'inie karibu na pedali, gia wala usukani. Waya wa umeme upitie kwenye fyuzi yake, ya kiwango kilichoandikwa kwenye maelezo ya kifaa. Usikubali fundi aunganishe waya mtupu na kuuzungushia utepe tu, au kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Moto wa gari mara nyingi huanza kwa njia hiyo.

KABLA YA KUONDOA GARI

Kuunganisha simu na kifaa kufanyike gari likiwa limesimama. Iagize simu izime milio ya ujumbe wote. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu ya Mkenya hailali, na kila mlio unakuvuta macho. Simu nyingi za kisasa zina mpangilio wa kujibu zenyewe kwamba uko barabarani na utapiga baadaye. Utumie.

Patana na watu wa nyumbani jambo moja rahisi: akipiga mara moja, usipojibu, ajue unaendesha. Akipiga mara mbili mfululizo, ajue wewe utaelewa kwamba kuna dharura, na utatafuta mahali pa kusimama.

WANAOISHI KWA SIMU

Ni rahisi kumwambia mtu azime simu. Lakini mchukue dereva anayebeba samaki kutoka Usenge kwenda Nairobi. Barafu inayeyuka, mnunuzi anapiga kuuliza kilo ngapi za mbuta, mwenye mzigo anapiga kuuliza amefika wapi. Simu hiyo ndiyo ofisi yake. Akiizima, mzigo unaweza kukosa soko, na watoto wake wakalala njaa. Hatari ni kwamba simu hiyohiyo inaweza kuwaacha yatima.

Kwa mtu kama huyo, njia ni kupanga. Kama ana taniboi, simu ikae kwa taniboi, naye ajibu na kuandika bei. Kama yuko peke yake, awaambie wateja wake mapema kwamba atasimama Bondo, Kisian, Ahero na Kericho, na kwamba hapo ndipo atakapowapigia. Wanunuzi wakizoea, hawatamsumbua njiani. Kusimama kwenyewe kuwe ndani ya kituo cha petroli au mahali palipo nje kabisa ya barabara. Lori lililoegeshwa nusu barabarani usiku ni mtego kwa wengine.

Makanga wa matatu afanye vivyo hivyo kwa dereva wake. Nawe abiria, una haki ya kumwambia dereva kwa heshima, "Dereva, tafadhali simu mpe makanga." Mkisema watu watatu, atasikia.

Waajiri nao wana wajibu. Bosi anayempigia dereva wake kila nusu saa kumuuliza "uko wapi" ndiye anayemwondolea akili barabarani. Wewe unayepiga, ukisikia mngurumo wa gari, swali lako la kwanza liwe "Unaendesha?" Akisema ndiyo, kata simu.

Kwa waendeshaji bodaboda, hakuna kifaa cha kupendekezwa. Simu iliyochomekwa ndani ya helmeti huifanya helmeti isikae sawasawa kichwani, na ikianguka mkono utaifuata. Simama kando, ujibu, kisha uendelee.

KIPIMO CHAKE

Hata ukiwa na kifaa bora kilichofungwa na fundi hodari, mazungumzo yawe ya sentensi mbili: "Niko barabarani. Nitakupigia nikifika Luanda." Habari za deni, msiba, kesi au ugomvi zisiguswe kabisa. Usizungumze ukiwa ndani ya mji, kwenye mzunguko, penye soko, mvua ikinyesha, usiku, au unapotaka kulipita gari jingine.

Wala usidhani kwamba ukimaliza kuzungumza umerudi barabarani papo hapo. Utafiti mwingine wa kina Strayer, uliotolewa mwaka 2015 na wakfu wa AAA wa Marekani unaoshughulikia usalama barabarani, ulionyesha kwamba baada ya kutoa maagizo kwa sauti kwenye baadhi ya mitambo ya magari, akili ya dereva ilichukua hadi sekunde 27 kutulia tena. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni mita 375. Kwa hivyo ukikata simu, punguza mwendo kidogo, tazama vioo vyote vitatu, kisha ndipo uendelee kama kawaida.

Simu yenyewe usiiache nyumbani. Ajali ikitokea, ndiyo itakayokusaidia kupiga 999 au 112 na kuita msaada. Iwe na chaji, iwe kwenye kishikizo chake, na ikilia acha ilie hadi upate mahali salama. Aliyekupigia atakuwa bado yupo.